Je, wajua kwa nini mtoto huacha gari la kuchezea na kukimbilia boksi?

Mwezi wa sita, upepo wa Dodoma ulipoanza kupuliza vumbi hadi ndani ya kabati la vyombo, nilishuka sokoni Majengo nikamnunulia binti yangu gari la betri. Ana miaka mitatu. Gari lenyewe linawaka taa, linapiga honi, na likigonga ukuta linageuka lenyewe. Muuza duka alilipakia pamoja na sabuni na mafuta ya kula kwenye boksi moja kubwa, nikapanda nalo bajaji hadi Nkuhungu nikijiona mzazi wa kupigiwa mfano.

Binti akalitazama likizunguka sebuleni mara tatu, labda nne. Kisha akalipindua, magurudumu juu, akaliacha linalia hapo sakafuni. Akamwaga sabuni zangu, akaingia ndani ya boksi.

Bibi wa nyumba ya pili, Mgogo wa Mvumi mwenye wajukuu wengi kuliko viti vya nyumbani kwake, alikuwa amekuja kuomba chumvi.

"Mbukwenyi," akabisha, akachungulia. "Mwanangu, sasa hela yako umenunulia gari au boksi?"

"Shikamoo bibi. Hata mimi sijui."

Wazazi wengi wameyaona haya, ila wachache hujiuliza sababu yake. Mtoto hakuwa na kasoro na gari halikuwa bovu. Tatizo ni kwamba gari la betri linajua kazi moja, na kazi hiyo linaifanya lenyewe. Mtoto anabaki kuwa mtazamaji, na mtazamaji wa miaka mitatu hachelewi kuchoka. Boksi halijui kazi yoyote mpaka aliambie. Asubuhi ile lilikuwa daladala na konda ni yeye: "Sabasaba, Sabasaba, mama panda!" Kabla ya chakula cha mchana lilishakuwa kitanda cha mdoli, likawa duka, likawa kofia iliyomfunika hadi kiunoni akaenda kujigonga mlangoni.

Msanii mmoja wa Uingereza, Simon Nicholson, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1971. Hoja yake ilikuwa kwamba ubunifu wa watu mahali popote hutegemea wingi na aina za vitu wanavyoweza kuvisogeza, kuviunganisha, kuvibomoa na kuvigeuza. Bembea ya chuma iliyochimbiwa kwenye zege ni bembea tu, leo na mwakani. Vipande vya mbao, mawe, kamba na maji ni chochote. Huko Rochester, jimbo la New York, makumbusho ya The Strong yana ukumbi wa heshima wa vitu vya kuchezea, ambako vitu vilivyowafurahisha watoto wa vizazi vingi hupewa nafasi. Boksi liliingizwa humo mwaka 2005, fimbo ikafuata 2008, mchanga 2021. Vitu vya bure kabisa, vimekaa humo pamoja na midoli ya viwandani.

Ndani ya mchezo ule wa daladala kuna kazi nzito ya kichwa. Mtoto anajua fika kwamba lile ni boksi, ila kwa hiari yake ameamua liwe gari. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, alipenda kutoa mfano wa fimbo ambayo mtoto huipanda akasema ni farasi. Fimbo haifanani na farasi hata kidogo. Inatosha kwamba inapandika. Hapo mtoto anajifunza kutenganisha kitu na maana aliyokipa, na ujuzi huohuo ndio atakaouhitaji siku atakapoambiwa kwamba mchoro huu ni herufi na ile alama ni saba.

Sisemi mtoto anyimwe midoli ya dukani. Ila wingi wake nao una hesabu yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililohusu watoto 36 wa miezi 18 hadi 30. Kila mtoto aliachiwa acheze mara mbili, mara moja akiwa na midoli 4 na mara nyingine akiwa na 16. Penye minne, watoto walikaa na kila mmoja kwa muda mrefu zaidi na wakauchezea kwa namna nyingi zaidi. Penye kumi na sita walikuwa wanarukaruka tu kama kuku kwenye pumba. Tangu niliposoma hayo nina kikapu kimoja cha ukili, na kisichoenea humo kinapanda juu ya kabati. Humo mna kopo la maziwa, mfuniko wa ndoo, mwiko uliokatika mpini, vigunzi vya mahindi na kipande cha bomba alichotuachia fundi. Kila Jumamosi kimoja kinapanda na kingine kinashuka. Kopo lililokaa kabatini wiki mbili hupokelewa kama mgeni kutoka Dar.

Kwa nini chini ya meza?

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuhusu nyumba yetu, ambayo ni chumba na sebule, choo cha nje, uani tunagawana na wapangaji wengine wawili. Nilidhani mtoto anahitaji nafasi kubwa. Kumbe ukimpa sebule nzima, anakwenda kujibanza kati ya kochi na ukuta.

Mwanajiografia wa Uingereza, Jay Appleton, alitoa nadharia mwaka 1975 kwamba binadamu huvutiwa na mahali anapoweza kuona bila kuonekana. Mgongo umekingwa, macho yako wazi mbele. Appleton alikuwa anazungumzia mandhari na watu wazima, wala hakuwa na habari na watoto waliojificha chini ya meza za Nkuhungu, lakini sijaona maelezo yanayonikaa vizuri zaidi. Ongeza na hili: kila kitu ndani ya nyumba kimepimwa kwa mwili wetu sisi. Kitasa kiko juu, kochi linapandwa kwa magoti, meza ni dari. Chini ya meza ndipo mahali pekee penye kipimo chake.

Basi tulijenga. Stuli mbili, kanga moja, vibanio vinne vya nguo, na mkeka chini. Siku ya kwanza tulijenga kibarazani, upepo ukaichukua kanga hadi kwa jirani, tukaifuata. Siku ya pili tukahamia ndani, upande wa dirishani. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Nilipotaka kuingiza kichwa nimwambie uji umeiva, akanizuia kwa mkono.

"Mama, piga hodi."

Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Nikasikia anahamisha vigunzi, anapanga kitu. Ya tatu ndiyo akaitikia, "Karibu, pita, kaa hapo," akanionyesha mfuniko wa ndoo. Fikiria: mtoto wa miaka mitatu hapigiwi hodi na mtu yeyote duniani. Anabebwa, anavuliwa nguo, anaogeshwa, anaamshwa, na hakuna anayeomba ruhusa. Ndani ya kanga ile alikuwa mwenye nyumba kwa mara ya kwanza. Nikakalia mfuniko, nikapewa chai ya hewa kwenye kopo, nikaambiwa ni ya moto nipulize.

Ukitaka nafasi ya kuchezea nyumbani, hicho ndicho kipimo ninachokiamini: mkeka mmoja ambao ni wake, na mtu mzima anaubishia hodi. Ukubwa wa nyumba unakuja baadaye.

Kelele nazo zina nafasi yake, ingawa hapo sina uvumilivu mkubwa. Mtoto akigonga sufuria anachunguza: kubwa inalia hivi, ndogo vile, yenye maji inabadilika. Wanawake wa Kigogo wana ngoma yao, muheme, wanayoibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, na bibi anashikilia kwamba wapigaji wote wazuri walianzia kwenye vyungu vya mama zao. Nimetoa sufuria mbili na muda maalumu, kabla ya saa nane mchana, mpangaji mwenzetu wa zamu ya usiku akiwa bado hajalala.

Kuna mambo ya kuwa mkali nayo. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachiwe karanga, kokwa za ubuyu, vizibo vya soda wala betri ndogo za mviringo, kwa sababu vyote huishia mdomoni, na betri hizo zikimezwa huunguza koo ndani ya muda mfupi. Ndoo ya maji isibaki wazi hata kidogo, mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Na kile kibanda cha kanga kikae mbali na jiko la mkaa.

Halafu simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja hadi minne awe anajongeajongea angalau dakika 180 kwa siku, zikigawanywa anavyopenda. Kwa skrini, wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja. Dakika 180 zinasikika nyingi, lakini mtoto mwenye rundo la mchanga huzimaliza kabla hujamaliza kufua.

Na mchanga Dodoma hautafutwi. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku moja kwa moja, watu walianza kujenga, na hadi leo kila baada ya nyumba chache kuna lori limemwaga shehena mbele ya geti. Watoto wa mtaa mzima huwa wamelizingira kabla dereva hajawasha gari. Mwenye mchanga hufoka, wanakimbia, anaingia ndani, wanarudi.

Kinachowavuta ni kwamba mchanga una tabia mbili. Mkavu unamwagika kama maji: unajaza kopo, unamimina, unajaza tena. Ukiutia maji kidogo, unasimama. Utando mwembamba wa maji unajishika kati ya punje na punje na kuzivuta zikae pamoja, ndiyo maana kopo likipinduliwa na kuinuliwa linaacha mnara. Maji yakizidi, nafasi zote za hewa kati ya punje zinajaa, mvutano unapotea, mnara unakuwa uji. Binti yangu aligundua kipimo hicho kwa makosa kama ishirini hivi, bila kuelezwa neno.

Sisi tuna beseni la plastiki lililopasuka ukingoni, limejaa mchanga wa ndoo mbili niliouomba kwa jirani anayejenga. Niliuchekecha kwanza, nikatoa misumari miwili na kipande cha chupa. Usiku unafunikwa na bati, maana paka wakiona mchanga laini wanaona choo. Kwa maji, hapa hatumwagi maji safi kwa mchezo. Yanayotumika ni yale ya mwisho ya kuoshea mchele, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na uchache huo umemfundisha kupanga. Anafikiri kabla ya kumimina.

Bibi alipoliona beseni akacheka. Kwao mchanga ni wa kukanyaga tu. Jioni akarudi na udongo wa kichuguu kwenye mfuko wa sembe, akakaa kwenye kibaraza, akaulowesha kwa maji yaleyale ya mchele na kuukanda kwa kisigino cha mkono mpaka ukaacha kupasuka. Akakata donge la ukubwa wa andazi. Akalifinya tumbo, akavuta miguu minne mifupi kama vidole vya mtoto mchanga, akasokota mkia na kuubandika ubavuni ili usikatike. Kisha kwa kidole gumba na cha shahada akabana mgongoni mara moja, karibu na shingo.

"Hii nini?" akamuuliza binti.

"Kichwa."

"Nundu. Ng'ombe asiye na nundu si wa kwetu."

Pembe zilikuwa njiti za ufagio. Macho hakuweka, alisema watoto wataona wenyewe. Akamwachia donge lililobaki. Binti akatengeneza ng'ombe wake: hana miguu, ana nundu tatu. Bibi akamgeuzageuza kiganjani, akampapasa mgongo kama mnunuzi mnadani. "Huyu ni jike," akasema, "ana mimba."

Sasa wako tisa. Wawili wamevunjika miguu kwa kukauka juani, wanalala tu, wanaletewa majani. Zizi lao ni lile boksi la sabuni, limelainika pembeni na kufungwa kamba ya katani, na limekatwa mlango upande wa mashariki kwa sababu bibi alisema hivyo.

Gari la betri liliishiwa chaji wiki ya pili. Halipigi honi, haliwashi taa, haliendi popote mpaka lisukumwe kwa mkono. Sijanunua betri nyingine. Kila jioni, ng'ombe wakishaingia, binti analiburuta polepole kwa tumbo hadi nyuma ya zizi, ananiwekea kidole mdomoni ninyamaze, ananong'ona:

"Mama, fisi amekuja."