Ada ilifutwa, mzigo wa nyumbani ulibaki
Tangu Tanzania ifute ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, vijiweni hukosi kusikia: "Shule bure, anayeacha ni mvivu tu." Si kweli. Sare, madaftari na nauli ya daladala bado ni vya mzazi. Tena fedha ni nusu ya habari. Mchukue binti wa kidato cha pili ambaye mama yake anaumwa: alfajiri anachota maji, anawaogesha wadogo zake, anafika shuleni kipindi cha pili kimeanza, anakula fimbo za uchelewaji. Kesho haendi. Wiki inapita, jina linaingia kwenye orodha ya watoro. Akili anazo, muda ndio hana. Na wale waliopata ujauzito, hadi Novemba 2021 shule za serikali hazikuwapokea tena.