"Linki imekufa"

Kwa kuwa kazi yangu ni kutunza seva, malalamiko ninayoyapokea kuliko mengine yote huja kwa maneno mawili: "linki imekufa". Ni lugha ya mitandaoni ambayo kila mtu anaielewa, lakini fundi haimsaidii sana, kwa sababu linki za kutumiana mafaili kwa muda hufa kwa namna zaidi ya moja.

Chukua Firefox Send, huduma ya aina hiyo ambayo Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, waliizindua rasmi Machi 2019. Asiye na akaunti aliweza kutuma hadi GB 1, na mwenye akaunti GB 2.5, mtumaji alichagua faili lifutwe baada ya muda usiozidi siku 7, au baada ya kupakuliwa mara kadhaa, hata mara moja tu, lolote litakalotangulia. Faili lilifungwa kwa msimbo ndani ya kivinjari, kabla halijatoka kwenye kompyuta, na ufunguo wake ukawekwa mwishoni mwa linki, baada ya alama ya reli (#), ileile tunayomalizia tunapoangalia salio. Kivinjari hakipeleki kwenye seva chochote kinachofuata reli, kwa hiyo seva ilihifadhi mzigo isioweza kuusoma.

Programu yenyewe ilikuwa huria, yaani yeyote aliweza kuichukua na kuiendesha, na wapo tunaoendelea kuitumia kwenye seva zetu. Mpiga picha mmoja, mteja wangu, alituma video ya harusi kwenye grupu la kamati akiwa ameacha kikomo cha kupakua mara moja. Mjomba wa bibi harusi akawahi. Wengine wote wakaambulia ukurasa mtupu. Akaituma upya kwa kikomo cha mara 20, na safari hii shangazi akainakili linki na kuwarushia ndugu kwa meseji, ila kipande cha baada ya reli kikabaki nyuma. Faili lilikuwa zima kwenye diski yangu, nililiona na uzito wake, lakini sikuwa na namna ya kulifungua. Kwenye grupu, matukio yote mawili yaliitwa jina moja.

Kifo cha muda kuisha ndicho cha kawaida zaidi, na sababu yake ni nafasi ya diski. Huduma nyingine ya kutumiana mafaili, 0x0.st, hulipima hilo waziwazi: faili dogo linaweza kukaa hadi mwaka mmoja, ilhali zito kabisa hukaa siku 30.

Firefox Send nayo ilikufa. Wahalifu waliigeuza njia ya kusambazia programu hasidi, na seva isiyoweza kusoma inachokihifadhi haiwezi pia kukikagua. Mozilla iliisimamisha Julai 2020 na kutangaza Septemba kwamba haitarudi. Ndiyo maana kwenye seva yangu kupakua hakuhitaji nywila, lakini kupakia kunahitaji, na nywila hiyo naitoa kwa wateja ninaowafahamu tu.