Shafti iliyochelewa, na kwa nini namshauri mchumi asome sheria

Kila muhula wanafunzi wawili watatu wa uchumi hunifuata ofisini na swali lile lile: kwenye masomo ya hiari wachukue ekonometriki (takwimu za uchumi) ya pili au sheria ya mikataba? Wengi wanatarajia niseme ekonometriki, maana inapendeza kwenye wasifu wa kuombea kazi. Mimi nawaambia wachukue sheria, na wakitaka sababu nawasimulia habari ya mama mmoja mwenye mashine ya kusaga huku Pasua.

Shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine yake, ilikatika wiki ya mavuno, watu wamepanga foleni na madebe yao ya mahindi. Fundi wa hapa Moshi akaigeuza geuza, akasema haiwezi kuchongwa hapa, ipelekwe Dar es Salaam ikachongwe mpya kwa kufuatisha ile ile iliyokatika. Mama akaifunga kwenye kiroba, akaenda nayo stendi, akalipia kwenye ofisi ya vifurushi ya basi moja, akapewa risiti. Mzigo ulitakiwa kufika kesho yake. Ulifika siku ya sita. Mtu aliusahau stoo. Siku zote hizo mashine imelala, wateja wamehamia ng'ambo ya barabara, na wengine hawakurudi tena.

Akaja kwangu na daftari lake. "Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu. Nipigie hasara yangu niwapeleke hawa mahakamani."

Kupiga hesabu hiyo ni kazi ya nusu saa: madebe ya siku mara bei ya kusaga, toa umeme, toa posho ya kijana. Lakini kabla ya kushika kalamu nikamuuliza, "Mama, pale dirishani uliwaambia kwamba mashine imesimama inasubiri hicho chuma?"

"Niwaambie ya nini? Niliwaambia ni chuma, wasikipoteze."

Hapo nikajua hesabu yangu, hata ikiwa sahihi hadi senti ya mwisho, haitamsaidia sana. Kesi yake ilishaamuliwa Uingereza mwaka 1854, na kilichochelewa kilikuwa shafti vile vile. Kinu cha kusaga nafaka huko Gloucester kilivunjikiwa shafti ya injini ya mvuke, wenyewe wakaituma Greenwich iwe kielelezo cha kutengenezea mpya, msafirishaji akachelewa, kinu kikasimama. Wakamdai faida yote waliyoikosa. Hiyo ndiyo Hadley dhidi ya Baxendale, ambayo kila mwanasheria ameisoma. Mahakama ilisema mvunja mkataba hulipa hasara inayotokea kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote mbili waliijua wakati wanaafikiana. Msafirishaji hakuambiwa kwamba kinu hakina shafti ya akiba. Faida iliyopotea haikuwa juu yake.

Kanuni hiyo ilifika kwetu kwa njia ya kuzunguka. Waingereza waliiandika katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, wakaileta Afrika Mashariki, na Tanganyika ilipotunga sheria yake mwaka 1961 maneno yakabaki karibu yale yale. Leo ni kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mama wa Pasua, bila kujua, alikuwa amesimama na kifungu hicho mbele ya dirisha la vifurushi.

Sasa itazame kanuni hiyo kama mchumi. Yule karani anapokea vifurushi mia kwa siku: nguo za harusi, parachichi za shangazi, dawa, simu mbovu. Kuchelewa kwa karibu vyote ni usumbufu tu. Kimoja kikichelewa, mtu anapoteza kipato cha wiki. Karani hawezi kujua ni kipi. Anayejua ni mwenye mzigo. Sheria ingembebesha msafirishaji hasara zote, hata zile zisizosemwa, angepandisha nauli ya kila kifurushi, na mwenye nguo za harusi angekuwa anamlipia bima mwenye mashine. Na bado karani asingejua ni kiroba kipi akipe kipaumbele. Kwa kumnyima fidia aliyekaa kimya, kanuni inamsukuma mwenye taarifa aiseme. Darasani tunatumia wiki tatu kwenye taarifa zisizolingana sokoni (mmoja anajua, mwenzake hajui), tunachora michoro, na wanafunzi wanatoka wakidhani dawa yake lazima iwe kodi au ruzuku. Kumbe majaji walikuwa wanalishughulikia tatizo hilo hilo kabla uchumi haujalipa jina.

Hiki ndicho ninachokitafuta ninapomsukuma mwanafunzi aende darasa la sheria. Modeli zetu huanza na mkataba ambao tayari unatekelezeka. Nani anabeba hasara jambo likienda kombo, tunaliacha kwenye tanbihi, wakati bei yenyewe imejengwa juu ya hilo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika tasnifu ya kilimo cha mkataba cha parachichi. Katika modeli yake mkulima anayeuza pembeni, yaani kwa mtu mwingine badala ya kampuni aliyofunga nayo mkataba, analipa faini ya milioni tano, kwa hiyo hakuna anayeuza pembeni. Hesabu safi kabisa. Nikamwomba asome kifungu cha 74: kiasi kilichotajwa kwenye mkataba ni ukomo tu, na mahakama inatoa fidia ya kiasi kinachostahili bila kuvuka hapo. Ile milioni tano, kwa mtu aliyeuza magunia mawili kwa dalali, haipo. Ipo kwenye karatasi ya mwanasheria wa kampuni na kwenye modeli yako, basi. Alinuna kidogo (ilikuwa imebaki miezi miwili), kisha akaiandika upya, na sura iliyokuwa dhaifu kuliko zote ikawa ndiyo nzuri zaidi.

Mfano wa pili uko chini ya mlima Kilimanjaro, lakini tuanzie mbali kidogo. Ronald Coase alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1991, na makala yake ya mwaka 1960 iliyomletea sifa imejaa kesi za mahakamani. Ukiisoma utamkuta daktari wa London aliyejenga chumba cha kuonea wagonjwa mwishoni mwa bustani, halafu akamshitaki jirani mtengeneza peremende kwa kelele za vinu vyake vya kutwangia. Wanafunzi wetu wanafundishwa toleo lililokaushwa: gharama za kuafikiana zikiwa sifuri, haki iwe ya nani si kitu, watu watapatana tu. Coase mwenyewe alikuwa anaelekeza upande mwingine: gharama hizo haziwi sifuri, kwa hiyo ni muhimu sana sheria imempa nani haki.

Nenda Mabogini, huku chini ya mlima, uone. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Mpunga ukalipa. Wakulima wa juu ya mto nao wakafungua mashamba ya mpunga, maji ya mradi yakapungua, na ugomvi ukaanza. Mchumi asiyejua sheria atasema: anzisha soko la maji, wa chini wawalipe wa juu. Wauziane nini? Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 maji ni mali ya umma. Mtu hupewa kibali cha kuyatumia, na kwa mito yetu kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Moshi. Sheria hiyo hiyo inatambua haki za kimila, na wazee wa mifongo, ile mifereji ya jadi, huko juu wana zamu za maji zilizokuwapo kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Ongeza mamia ya wakulima wasio na mita. Gharama za kuafikiana ndiyo hizo.

Ardhi nitaipitia haraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwenye hati ya kimila hadhi sawa na mwenye hati ya kupewa na serikali. Kwenye karatasi, kihamba (shamba la ukoo) chenye hati kinaweza kuwa dhamana. Kwa upande mwingine mwenza lazima aridhie nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, na hata akiridhia, ni jirani gani wa Kibosho atakwenda mnadani kununua kihamba chenye makaburi ya ukoo wa mwenzake? Hapo hata sheria inafika mwisho, na mchumi anayejua inapofikia atakadiria mikopo vizuri kuliko yule anayehesabu hati zilizotolewa.

Lawama yangu kwa wenzetu wa sheria ni moja. Wakipewa darasa la wachumi huwakaririsha vifungu, mtihani unapita, vifungu vinasahaulika. Soma hukumu zenyewe. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, inaziweka mtandaoni bure, nyingi zikiwa kwa Kiingereza. Na siku huna kipindi, ingia Mahakama Kuu Kanda ya Moshi, kaa nyuma, zima simu. Kesi moja ya mkopo usiolipwa itakuonyesha nini maana ya gharama ya kudai deni: safari, mawakili, mashahidi wasiotokea, tarehe zinazosogezwa.

Mama wa Pasua hakwenda mahakamani. Ofisi ya vifurushi ilimrudishia nauli na pole, basi. Lakini mwezi uliopita nilimkuta stendi na boksi lingine, sehemu ya mota safari hii. "Shikamoo mama." "Marahaba mwalimu." Juu ya boksi alikuwa ameandika kwa kalamu nene: MASHINE IMESIMAMA. Alimtaka karani ayaandike maneno hayo hayo kwenye risiti, na karani, baada ya kuyasoma mara mbili, alimwongezea nauli shilingi elfu tano. Akazitoa bila kubishana.