Mstari wa pili kwenye bili ya Bi mkubwa

Juma lililopita alinijia bibi mmoja wa hapa Shela, Malindi. Ameishi Marekani kwa wanawe miaka mingi, sasa amekuja kupumzika, na kiuno hakimpi raha. Hata kabla hajalala kitandani alitoa bahasha mkobani, akatandaza bili mezani na kukandamiza kidole gumba kwenye mstari wa pili.

"Mwanangu, huu wa juu bima imelipa. Huu wa chini nimeangushiwa mimi. Na mtu ni yule yule, siku ile ile. Kwa nini?"

Mstari wa juu ulikuwa na namba 98940, yaani kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Wa chini ni 97110, mazoezi ya tiba, ambayo huhesabiwa kwa vipande vya dakika 15. Mimi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, na 97110 ndiyo kazi yangu ya kila siku. Aliyemtibu Bi mkubwa huko ni kairoprakta, mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono.

Bima yake ni Medicare, bima ya umma ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Sheria ya 1972 iliwafungulia makairoprakta mlango wa kulipwa, ila mlango mwembamba: kunyoosha uti kwa mikono pale pingili zilipokaa vibaya, basi. Mazoezi, kukanda na mashine za umeme havimo. Hata kama leseni ya jimbo lake inamruhusu, hata kama ana mikono ya dhahabu, Medicare haimlipi.

Hapo ndipo mvutano ulipo. Makairoprakta husema wanalipwa kipande cha kazi waliyosomea, na muswada wa kupanua malipo yao umefikishwa Kongresi zaidi ya mara moja. Watu wa fizio nao husema kunyoosha uti ni jambo moja na kumrudishia mtu mwendo ni jingine. Tena ugomvi una pande mbili: mwaka 1998 chama cha makairoprakta, American Chiropractic Association, kilikwenda mahakamani kupinga unyooshaji ule wa uti uliomo kwenye Medicare kufanywa na wasio makairoprakta. Kesi iliishia mahakama ya rufaa mwaka 2005 bila chama kupata kilichotaka.

Kinachonikera zaidi ni njia ya pembeni. Kliniki inaajiri daktari, kairoprakta anaendesha mazoezi, kisha dai linakwenda kwa jina la daktari kana kwamba ni kazi iliyofanyika chini yake. Tangu 2005 kanuni inadai kwamba anayetoa tiba hiyo kwa jina la daktari awe na mafunzo ya mtu wa fizio, hata kama hana leseni yake. Anayepeleka dai la uongo akijua anakabiliwa na sheria ya tangu 1863, iliyotungwa wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe, inayomtoza mara tatu ya hasara ya serikali.

Naiunga mkono kanuni hiyo kwa moyo wote. Nami yamenifika. Kliniki moja iliwahi kuniomba nitie sahihi vikao 6 vya mgonjwa ambaye sikumtia machoni. Alikandwa na kijana aliyejifunza kwa kutazama. Nilikataa, na kazi haikuja tena kutoka kwao. Kwetu Kenya fizio ina sheria yake tangu 2014, na baraza lake. Sasa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, imeshika nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, tangu Oktoba 2024, na michango ni jasho la watu: asilimia 2.75 ya mshahara. Sahihi yangu kwenye dai ni kiapo kwamba niliyemtibu namjua.

Lakini simlaumu kairoprakta wa Bi mkubwa. Yeye aliandika kweli: alifanya mazoezi, akayaandika mazoezi, kwa jina lake. Kosa naliona kwingine. Huduma ambayo Medicare ingeilipia lakini huenda ikaikataa kwa mgonjwa fulani, lazima aonywe kwa maandishi kabla. Huduma iliyofungiwa nje kabisa na sheria, kama haya mazoezi, onyo ni hiari. Yaani pale ambapo jibu la "hailipwi" lina uhakika zaidi, ndipo mgonjwa anapoweza kuachwa gizani. Hilo ni dhuluma kwa mzee, na ningependa libadilishwe kabla ya lolote lingine kwenye ugomvi huu.

Nilimwandikia nyuma ya bahasha swali la kuuliza akirudi: "Hili utakalonifanyia leo, dai litakwenda kwa jina la nani, na Medicare hulilipa kwa mtu huyo?" Akalisoma mara mbili, akalitia mkobani. Kisha tukaanza kazi: kuinuka kitini bila kushika mikono, mara 10. Ya saba alisimama akacheka, kiuno hakikulalamika.