Mawe ya Tabora na Kigoma: yanayosemwa na yalivyo

Wengi hulikadiria jiwe umri kwa sura: likichakaa ni la kale, likiwa safi ni jipya. Kuchakaa kunaonyesha tu kazi ya maji, jua na mizizi. Graniti ya Tabora ilipoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, lakini ukiipasua kwa nyundo, ndani madini yake ya kwatzi na ulanga yanameta kama ya jana. Na upande wa Urambo, juu ya miamba hiyo hiyo ya kale, vipo vilima vidogo vya Igwisi: volkano za kimbalaiti (mwamba utokao kina kirefu cha ardhi, ambao wakati mwingine hubeba almasi) zilizolipuka takribani miaka 12,000 iliyopita, changa kuliko zote za aina yake zinazojulikana duniani.

Hapo huja dhana nyingine, iliyoenea hata madarasani: kwamba umri wa mwamba hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua yenyewe kadiri miaka inavyopita. Sivyo. Kaboni-14 hupima kilichowahi kuishi, kama mkaa, mfupa au mbao. Nusu yake huisha kila miaka 5,730, hivyo baada ya miaka 50,000 hubaki chini ya sehemu moja kati ya 400, na uchafu kidogo tu wa kaboni mpya unaharibu hesabu nzima. Lava haina kaboni ya kiumbe hai. Huko Igwisi wataalamu walipima heliamu-3, aina ya gesi ya heliamu ambayo miale ya angani huizalisha ndani ya punje za olivini, madini ya kijani yaliyomo kwenye lava, tangu lava ilipotandazwa juu ya ardhi.

Kwa graniti hutumika zirkoni, madini ya punje ndogo yaliyomo ndani yake. Punje hii inapojiunda hupokea urani na kuikataa risasi (metali ya plumbi), kwa hiyo risasi inayokutwa ndani karibu yote imetokana na urani iliyooza, yaani iliyojigeuza yenyewe polepole kuwa risasi. Urani-238 hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 4.47, urani-235 kila miaka milioni 704. Ni kama kuwa na saa mbili za kupimia katika punje moja! Zikitofautiana, mara nyingi risasi imevuja au punje imechanganya kiini cha zamani na ganda jipya. Ndiyo maana sampuli huchukuliwa kwenye mwamba mzima usiooza, mbali na nyufa.

Kwenye mchanga-mwamba mwekundu wa Kigoma lazima uwe mwangalifu zaidi. Zirkoni yake hukupa umri wa mlima uliomomonyoka, si wa tabaka lenyewe. Tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko punje yake changa kabisa. Zaidi ya hapo punje hizo hazisemi.

Turudi kwenye kimbalaiti, maana inapotajwa tu watu huwaza almasi. Nyingi hazina almasi ya kutosha kuchimbwa. Linaloumiza zaidi ni imani kwamba almasi halisi haivunjiki kwa nyundo. Inavunjika! Ugumu wake wa 10, kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, ni wa kukwaruza. Ikigongwa hupasuka kufuata pande zake nne za asili, na jiwe la thamani huwa vipande. Kukwaruza kioo nako si ushahidi, maana kioo ni 5.5 na kwatzi ni 7.

Kuitambua almasi bila kuiharibu, paka grisi ubao, uinamishe kidogo, kisha pitisha changarawe iliyolowa pamoja na maji. Kwatzi huteleza, almasi hunasa, kwa kuwa uso wake haushiki maji. Ila almasi yenye utando wa chumvi au udongo nayo huteleza, kwa hiyo isugue kwanza.