Je, wajua kwa nini ngome ya Sveaborg ilisalimu amri kuta zikiwa nzima?

Sveaborg imejengwa juu ya visiwa vya mawe mbele ya mji wa Helsinki. Waswidi walianza kuijenga mwaka 1748, Ufini ikiwa bado sehemu ya Uswidi. Mwaka 1808 ilikuwa na mizinga zaidi ya 700 na askari zaidi ya 6,000, na bado ikakabidhiwa kwa Warusi bila kuvamiwa hata mara moja.

Chanzo cha kwanza ni barafu. Ngome ile ilitegemea bahari iizunguke na kumzuia adui, lakini Warusi walivuka mpaka Februari, bahari ikiwa imeganda. Mtu aliweza kuiendea kwa miguu, na manowari za Uswidi hazikuweza kuja kuiokoa.

Kamanda, makamu admirali Carl Olof Cronstedt, hakuwa mwoga: mwaka 1790 alikuwa miongoni mwa waliowashinda Warusi baharini kule Svensksund. Safari hii alikubali kutoipiga Helsinki, ambako Warusi walikuwa wamekwisha kuingia, naye adui asishambulie kutokea upande huo. Kwa hiyo Warusi wakapata mji mzima wa kulala na kuotea moto, huku mizinga ya ngome ikiwatazama tu.

Kosa kubwa lilikuja Aprili 6, kwenye karatasi. Mapigano yalisitishwa hadi Mei 3. Kama kufikia saa sita mchana siku hiyo manowari kubwa tano za Uswidi zisingekuwa zimefika, ngome ingesalimu amri. Wakati huohuo Warusi walipewa visiwa vitatu vya pembeni, yaani mguu mmoja ulikuwa ndani tayari. Matarishi wawili walitumwa Stockholm kuomba msaada, lakini njia yao ilipita mikononi mwa Warusi, wakacheleweshwa. Taarifa ilifika muda ukiwa umekwisha.

Tazama kalenda ndipo uone mtego. Kila siku ya Mei ilikuwa inailainisha barafu. Ikishayeyuka, Warusi wasingekuwa na pa kukanyaga, na njia ya meli ingefunguka. Cronstedt alidhani ananunua muda, kumbe alijifunga kwa tarehe iliyotangulia msaada wenyewe.

Wapo wanaosema alihongwa, haijathibitishwa. Warusi walichukua ngome pamoja na kundi zima la meli ndogo za kivita zilizokuwa zimefungwa hapo. Septemba 1809, kwa mkataba wa Fredrikshamn, Uswidi ikaiachia Urusi Ufini yote.