Je, wajua kwa nini cheche huanzia kwenye kiputo?

Mafuta safi ya transfoma, yakiwa makavu, huzuia umeme mara kadhaa zaidi kuliko hewa. Kiputo kimoja cha milimita moja kikijificha ndani yake, cheche huanzia humo humo.

Gesi ni dhaifu kuliko mafuta. Hewa ya usawa wa bahari hupasuka, yaani huacha umeme upite kwa cheche, kwa takriban kilovolti 3 kwa milimita. Hapa Goma, karibu mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi na kiwango hicho hushuka hadi 2.5 hivi. Juu ya udhaifu huo, uga wa umeme (msukumo wa volti kwa kila milimita) hujikusanya ndani ya kiputo: katika mafuta huzidi ule wa nje kwa asilimia 22, katika maji kwa karibu asilimia 50. Piga hesabu: kilovolti 40 kwenye nafasi ya milimita 2.5 ni 16 kwa kila milimita, na ndani ya kiputo ni 19.5. Hewa haiwezi kustahimili hapo. (Kiputo cha sehemu ya mia ya milimita huweza kupona, kwa kuwa elektroni hazipati nafasi ya kushika kasi.)

Gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta, kama ile iliyoyeyuka majini katika kilindi cha Ziwa Kivu, haileti udhaifu huo. Hatari huja inapojitenga na kuwa kiputo.

Muda wa pigo la umeme nao una uzito. Kiputo cha milimita moja huhitaji milisekunde kadhaa ili kivutike na kurefuka kama punje ya mchele kuelekea elektrodi, vile vyuma viwili vinavyopitisha volti. Pigo la mikrosekunde moja huisha kabla hakijajongea, ilhali cheche ndani yake imeshawaka.

Kwa sababu ya viputo hivyo, kupima mafuta yanastahimili volti ngapi hudai subira. Kanuni ya kimataifa ya upimaji huo, IEC 60156, huweka elektrodi milimita 2.5 mbali. Pindua chupa ya sampuli polepole, usiitikise. Mimina mafuta taratibu yateleze ukutani mwa chombo. Hakikisha hakuna kiputo kati ya elektrodi, subiri dakika 5, kisha pandisha kilovolti 2 kwa sekunde hadi yapasuke. Rudia mpaka mara 6, ukipumzisha dakika 2 kila mara, uchukue wastani. Mapumziko hayo usiyafupishe: kila cheche huvunja mafuta na kuzaa hidrojeni na asetilini, na viputo vyake vikibaki katikati, kipimo kinachofuata hushuka ingawa mafuta ni mazima.